Mama Afunge, Binti Ale

Nafundisha kemia katika lise, sekondari ya wasichana, hapa Nguba mjini Bukavu, kwenye mteremko unaoshuka ziwani. Shule yetu ni ya aina ambayo kila Mkongo anaijua: sisi walimu tunalipwa na serikali, uongozi ni wa Kanisa Katoliki, na watoto ni wa kila dini. Katiba yasema nchi yetu haina dini ya serikali. Lakini kila asubuhi, tukisha kupandisha bendera na kuimba wimbo wa taifa, tunafanya ishara ya msalaba, na hakuna anayeona ajabu. Wasichana wa Kiprotestanti husimama wima mikono nyuma, Waislamu hutazama viatu vyao, na wale wa makanisa ya uamsho hufumba macho wakasali ya kwao kimoyomoyo. Kisha kengele inalia, tunaingia darasani.

Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, mtoto wa wakulima wa Kabare. Nyumbani kwetu sala ilikuwa kama jembe. Ilikaa pale mlangoni, ukaichukua ulipoihitaji, na hakuna aliyeketi kuizungumzia. Nilipokuwa mwalimu, sala ya asubuhi ikawa kwangu sehemu ya ratiba. Mara nyingi nilimaliza Salamu Maria huku macho yangu yako getini, naangalia nani amechelewa. Sikuwa mtu wa kutafuta mambo ya dini. Yalinifuata yenyewe darasani.

Ilikuwa kiangazi, siku zile ambazo vumbi linapanda mpaka kwenye majani ya miparachichi, na ziwa linafunikwa na ukungu mkavu hata ng'ambo haionekani. Wasichana wa mwaka wa sita, wafinalisti kama tunavyowaita, walikuwa wamebakiza majuma machache kabla ya Exetat, mtihani wa taifa unaofunga masomo ya sekondari. Kwetu mtihani huo haufanywi na mtoto peke yake. Ukoo mzima unaingia. Shangazi aliye Goma anapigiwa simu, babu aliye Kalehe anatumiwa salamu, hata mjomba ambaye hajaonekana tangu msiba wa mwisho anakumbukwa, ili wote wasali.

Katika darasa lile alikuwamo msichana mmoja mrefu, mkimya, mzaliwa wa Mwenga. Alikuja Bukavu na mama yake baada ya baba yake kufukiwa na udongo katika shimo la dhahabu. Hakuwa wa kwanza darasani, wala hakuwa wa mwisho. Alikuwa wa wale ambao ukiwasukuma kidogo watapita, na ukiwaacha kidogo watabaki. Kwa hiyo nilikuwa namsukuma. Asubuhi moja nilimwita ubaoni asawazishe mlinganyo. Mstari wa kwanza aliuandika vizuri. Kwenye wa pili mkono ukaanza kushuka, maandishi yakainama, kisha yeye mwenyewe akaketi chini taratibu, mgongo ukutani, kama mtu aliyechoka kusubiri.

Tulimpepea kwa kaye zetu za kuandikia. Nilituma maji yenye sukari. Yalipofika, aligeuza uso.

"Siwezi kunywa, Madamu," alisema. "Niko nafunga kavu. Mpaka kesho."

Kufunga kavu ni kukaa bila chakula na bila tone la maji. Kama mwalimu wa kemia nilijua mwili ulihitaji nini. Lakini sikujua namna ya kumfungua mdomo mtoto aliyemwahidi Mungu. Nilikuwa bado nimechutama mbele yake na kikombe mkononi, wakati mwenzake wa dawati moja, binti wa Kiislamu mwenye kicheko cha haraka ambaye siku ile hakucheka, aliinama akamwambia kwa sauti ya chini:

"Kwetu, mutu mugonjwa hafunge. Mungu mwenyewe alimukataza. Kunywa, utalipa siku ingine."

Walitazamana. Kisha yule wa Mwenga alipokea kikombe akanywa mpaka mwisho, machozi yakimtoka.

Mchana huo nilipanda Kadutu, mtaa wa mlimani walikokaa. Sikupitia kwa mkuu wa shule kwanza; nilikuwa na hasira ya kunitosha kwenda peke yangu. Nyumba yao ya mbao ilishikilia mlima kama nyumba zote za kule zinavyoshikilia, kizingiti cha mmoja sawa na paa la mwenzake. Mama yake alikuwa nje akipanga makala, mkaa wa kupikia, katika mafungu madogo ya kuuza. Aliponiona alifuta mikono kwenye kitenge, akanitolea kiti, yeye akabaki amesimama. Alijua mwalimu hapandi mlima ule kwa habari nzuri.

Nilimweleza yaliyotokea. Nilitazamia ajitetee kwa Biblia. Lakini jambo la kwanza aliloniuliza ni kama mtoto amekula. Nikasema amekula, tena amelala kidogo katika chumba cha walimu na sasa yuko sawa. Akashusha pumzi, akaketi juu ya gunia. Ndipo nikamwaga yote niliyokuja nayo. Nilisema kichwa kisichopata chakula hakishiki somo. Nilisema mtoto amesoma miaka yote hii na sasa tunataka kumwangusha mlangoni. Nikamalizia kwamba Mungu hatashuka kumfanyia mtu mtihani wa kemia, na hilo nililisema kwa ukali.

Alisogeza pembeni mafungu ya makala. Kisha akasema:

"Madamu, wewe uko na chaki. Miye sikusoma. Hata hesabu moja siwezi kumusaidia. Miye niko na magoti tu. Sasa ukiniambia niache magoti, nitamusaidia na nini?"

Nilitazama mikono yake, myeusi kwa makala mpaka kwenye mikunjo ya viganja, nikasikia hasira yangu inapoa. Alinisimulia, bila kulia, jinsi mume wake alivyofukiwa. Wanaume walichimba kumtafuta, naye alikaa pembeni ya shimo akisali bila kula mpaka walipompata. Hawakumpata hai. Lakini walimpata, alisema, na wenzake wengi katika machimbo yale hawana hata kaburi la kupelekea watoto. Kwake sala ile ilijibiwa. Tangu hapo, kila jambo kubwa la nyumba yake lilipitia kwenye kufunga, na mtihani wa binti ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyobaki.

Halafu neno likanitoka kabla sijalipima.

"Magoti ni yako, mama," nilisema. "Lakini tumbo ni la mutoto. Funga wewe. Yeye akule."

Alinitazama kama niliyemwambia jambo geni kabisa. Akauliza kama inawezekana mtu kumfungia mwingine. Nikamjibu kwamba mimi ni mwalimu wa kemia, amuulize pasta wake. Tuliagana hivyo, na niliposhuka mlima sikuwa na hakika kama nimeshinda ama nimeshindwa.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta getini kabla ya kengele, amejifunga kitenge cha kwenda ibadani. Alikuwa ameenda kwa pasta jioni ileile. Nilikuwa nimemfikiria vibaya mtu yule bila kumjua, kwa maana aliposikia mtoto ameanguka alisikitika sana, na akamwambia kwamba mama aliyembeba mtoto tumboni hawezi kushindwa kumbebea njaa. Binti alikuwa amesimama kando yake na viazi vitamu viwili ndani ya mfuko, amekwisha kuuma kimoja.

Nilidhani jambo limeisha. Lakini mama alikuwa na ombi lingine. Alitaka kusali karibu na mtoto anaposoma. Nyumbani, alisema, hakuna nafasi, wateja wa makala wanabisha mlango, na binti anabaki shuleni kwa marudio ya masomo mpaka jioni bila kujua kama kuna mtu anayemkumbuka. Tena hakuwa peke yake. Wenzake wa chumba cha maombi, kikundi chao cha sala cha mtaani, waliokuwa na watoto katika shule yetu walitaka kuja naye.

Nilimpelekea jambo hilo mkuu wa shule, padri mmoja mwenye sauti nzito, anayependa kila kitu kikae mahali pake. Alilikataa kwa upole. Alinieleza kwamba shule ina padri wake wa kiroho na ina sala zake, na akikifungulia mlango chumba kimoja cha maombi, wiki ijayo kitakuja cha pili na cha tatu, kila kimoja na spika zake. Wazazi Wakatoliki wangelalamika, na wasingekosa haki. Nilikubali kwamba ana hoja. Kisha nikamweleza juu ya msichana aliyeketi chini ya ubao na kikombe alichokataa.

Aliuliza, "Wangapi wengine wanafunga?"

Sikujua. Tulikwenda pamoja darasani akawauliza wasichana wenyewe, kwa sauti ya baba, bila kutisha. Mkono mmoja ukainuka, ukafuata mwingine, kisha ikainuka mingi. Wengine walikuwa wa makanisa ya uamsho. Wengine walikuwa Wakatoliki wetu, waliokuwa katika novena, sala za siku tisa, na kuongezea njaa juu yake kwa shauri la bibi zao. Mmoja alisema hafungi kwa ajili ya Mungu. Nyumbani wanakula mara moja tu kwa siku, jioni, na hataki kuinua mkono wa uongo. Padri alitazama ile mikono kwa muda mrefu. Tulipotoka alitembea mbele yangu mpaka kwenye ngazi, akasimama.

"Akina mama waje mchana, saa za marudio," alisema. "Wa dini zote, ama asikuje hata mumoja. Watoto wote watakunywa uji hapa. Anayetaka kufunga, mama yake atamufungia." Akashuka ngazi mbili, akageuka. "Na hapana mikro wala spika."

Siku ya kwanza walikuja wengi kuliko tulivyotazamia. Tuliwapa ukumbi mdogo ulio jirani na darasa la wafinalisti, ambao tunautumia kuwekea mabenchi yaliyovunjika. Padri mwenyewe alisaidia kuyasogeza. Mama wa makala alikuja na wenzake watano au sita, vichwa vimefungwa leso nyeupe. Wakatoliki waliongozwa na mama mmoja anayeuza vitenge mjini, mtu wa kamati ya wazazi, mwenye rozari ya mbao shingoni na namna ya kuketi iliyoonyesha kwamba shule hii ni ya kwao. Mwisho aliingia mama wa yule binti wa Kiislamu, peke yake, na mkeka chini ya kwapa. Aliuliza kibla kiko upande gani, na kwa kuwa hakuna aliyejua, akatoka nje kutazama jua, akarudi, akatandika mkeka wake kwenye kona.

Nilikuwa darasani nikirudia asidi na besi, na ukuta wetu ni mwembamba. Kwanza tulisikia rozari, sauti moja ikiongoza na nyingine zikiitikia. Kisha wale wa uamsho wakaanza kusali kwa namna yao, kila mmoja kwa maneno yake, wote kwa pamoja na kwa nguvu. Rozari ikapandisha sauti. Wale nao wakapandisha. Baada ya muda haikuwa tena sala, ilikuwa mashindano, na nikasikia mama wa vitenge akisema wazi kwamba watu wengine wanadhani Mungu ana shida ya masikio. Mtu akamjibu kwamba wengine wanadhani ana shida ya kuelewa, ndiyo sababu wanamrudilia neno moja mara hamsini. Wasichana wangu walikuwa wameinamisha vichwa, mabega yakiwatikisika kwa kicheko. Wawili tu hawakucheka, binti wa mama wa vitenge na yule wa Mwenga, wale ambao mama zao walikuwa wakijibizana.

Yule wa Mwenga aliinua mkono akaomba ruhusa ya kutoka. Nilimruhusu nikamfuata mpaka mlangoni. Alifungua mlango wa ukumbi kidogo, akasimama na kaye yake mkononi, na vishindo vyote vikakoma.

"Bamama," alisema, "tunabaomba musamaha. Hatumusikie Madamu."

Alisema hilo tu, akafunga mlango taratibu, akarudi kwenye dawati lake. Kisha nikasikia mtu mmoja akicheka, halafu mwingine, mpaka kicheko kile kikawa cha wote. Baadaye niliambiwa kwamba wa kwanza kucheka alikuwa yule mama wa Kiislamu kwenye kona, ambaye muda wote alikuwa amesali bila kutoa sauti. Walimuuliza, yeye kwa upande wake, anaona wafanyeje. Akajibu kwamba kwao sala ya mchana husaliwa kimyakimya, na Mungu anaisikia vilevile. Ikabaki hivyo. Kila mmoja alisali moyoni, kwa rozari ama bila rozari, na mwishoni Wakristo wote walisema Baba Yetu kwa sauti ya chini, kwa kuwa hiyo walikuwa nayo wote, na yule wa kwenye kona akaitikia amina.

Habari zilifika kwa wazazi wengine, na si wote waliofurahi. Baba mmoja alikuja kulalamika kwamba hakumleta binti yake kwa Wakatoliki ili akute walokole. Padri alimwalika amtume mke wake ajionee. Mke alikuja, akabaki. Wiki ya pili akina mama walichukua kazi ya uji wenyewe. Yule wa Kiislamu alisimamia sufuria, maana alisema mtu aliyepikia nyumba nzima mwezi wa Ramadhani hawezi kuogopa wasichana wa darasa moja. Ilikuwa ajabu kuwaona, wanawake ambao wengi wao hawakutia kitu mdomoni tangu asubuhi, wakigawa uji wa mahindi na soya na kusimama juu ya kila msichana mpaka kikombe kiishe. Mama wa makala alikuwa mkali kuliko wote. Msichana akisema ameshiba, alimwambia, "Mwanangu, kuko mutu anabeba njaa yako. Usimuongezee."

Nami nilibadilika kidogo kidogo. Nilianza kufika dakika chache kabla ya somo nikaketi ukumbini kwenye benchi la nyuma. Nilisikiliza pumzi za akina mama, na mbali kidogo milio ya boti za kisiwa cha Idjwi zikiingia bandarini, na mara nyingi nilijikuta nawataja wanafunzi wangu mmoja mmoja moyoni, kwa majina, hata wale wanaonichosha. Nilipoingia darasani baada ya hapo niliwaona tofauti. Najua kemia haibadiliki kwa sababu hiyo. Mwalimu ndiye anayebadilika, na hilo si dogo.

Siku chache kabla ya Exetat tuna desturi ya misa ya biki. Kila mfinalisti huweka kalamu zake ndani ya kikapu mbele ya altare, padri anazibariki kwa maji. Mwaka ule padri alitangaza kwamba anayetaka aje, asiyetaka asijione mwenye deni. Wengi walikuja. Lakini mchana, ukumbini, binti wa Kiislamu alimpa mama yake biki yake mbele ya wote amwombee, kwa sababu hakuiweka kikapuni. Mama aliishika katika viganja, akasema maneno yake, kisha badala ya kuirudisha akampa mama aliyekuwa karibu naye, aliyekuwa mama wa vitenge. Huyu alisita, akaibusu, akaipitisha. Biki ile ilizunguka ukumbi wote mpaka kwa mama wa makala, aliyeifuta kwanza kwenye kitenge chake isiingie weusi. Baada ya hapo kila msichana alitaka yake izunguke pia, hata zile zilizokwisha kubarikiwa kanisani. Marudio hayakufanyika siku hiyo. Sikulalamika.

Mtihani ulipita. Tukaingia katika yale majuma marefu ya kungoja, ambapo mji mzima unaangalia simu. Siku matokeo yalipotoka tuliyajua kabla hatujayasoma, kwa nyimbo zilizoanza kushuka kutoka Kadutu na kutoka Nyawera, na kwa wasichana waliopita barabarani wamemwagiwa podri nyeupe, poda ya kusherehekea, kichwani mpaka kwenye kope. Binti wa mama wa makala alipita. Binti wa Kiislamu alipita vizuri zaidi. Karibu darasa zima lilipita, na mwenzangu wa fizikia alinipigia simu kucheka tu, bila kusema kitu cha maana.

Lakini binti wa mama wa vitenge hakupita. Alikuwa msichana mwenye bidii, ambaye hakuna aliyemhofia. Sijui kilichompata katika mtihani ule, naye hakujua. Mchana nilikwenda kwao nikiwa nimebeba maneno ya faraja ambayo sikuyaamini mimi mwenyewe. Kwenye uwanja nilikuta viatu vingi. Ndani walikuwamo karibu akina mama wote wa ukumbini. Mama wa makala, ambaye binti yake alikuwa akipigiwa vigelegele mlimani saa ileile, alikuwa ameketi sakafuni kando ya mama wa vitenge. Alikuwa ameacha sherehe yake mwenyewe akashuka kwa miguu.

Mama wa vitenge, macho yamevimba, alimwambia kwamba siku hii hana nguvu ya kusali, wamsamehe.

"Sikukuya kusali," mama wa makala alimjibu. "Nilikuya kukaa na wewe."

Basi walikaa. Mmoja alimenya ndizi, mwingine akachagua mawe katika maharagwe, na yule wa Kiislamu akaingia chumbani kwa msichana, akafunga mlango, akakaa naye huko muda mrefu. Alipotoka, msichana alikuwa nyuma yake, uso umeoshwa. Alikuja akaketi kati ya wanawake wale akachukua kisu akaanza kumenya nao. Maneno yangu ya faraja sikuyatoa. Nilipewa bakuli la maharagwe, nami nikachagua.

Binti yule alirudia mwaka. Akina mama walirudi pia kiangazi kilichofuata, hata wale ambao watoto wao walikuwa wamekwisha kuondoka shuleni, kwa sababu walisema mmoja wao bado ana mtihani. Alipopita, mama wa makala ndiye aliyemmwagia podri ya kwanza, na kwa namna alivyomwaga ilimchukua msichana siku mbili kuitoa masikioni. Leo anafundisha katika shule ya msingi huko Kalehe. Binti wa makala anasomea uuguzi. Mama yake bado anauza makala palepale, na nikipita ananiuliza habari za darasa la mwaka huu kama watu wengine wanavyouliza habari za ndugu.

Tangu hapo mji wetu umeona siku ngumu. Kulikuwa na majuma ambayo tulikaa ndani tukisikiliza milio ya silaha, shule zikafungwa, na hatukujua nani amekimbilia wapi. Zilipofunguliwa, asubuhi ya kwanza nilishuka kwenda kazini bila kujua kama nitakuta mtu. Nilikuta wasichana nusu ya waliokuwapo, na nyuma ya mistari yao, mahali ambapo wazazi hawasimami kamwe, nikakuta akina mama. Padri alianza ishara ya msalaba, akashusha mkono. Kisha akasema tunyamaze pamoja, kila mtu na sala yake. Tulinyamaza. Sikutazama geti asubuhi ile. Baadaye mtu mmoja nyuma alianza Baba Yetu, tukaiitikia, na kengele ikalia kama siku zote.

Mwaka huu marudio ya mchana yameanza tena. Madarasa hayajajaa kama zamani, lakini kila wiki anarudi mmoja, na kila anayerudi anapigiwa makofi na wenzake. Juzi, wakati akina mama walikuwa wanaingia ukumbini, alikuja mwanamume mmoja, dereva wa boti ya Idjwi, mkubwa wa mwili, kofia mkononi. Alisimama mlangoni kwa aibu. Alitueleza kwamba mke wake bado yuko kwa wazazi wake kisiwani na watoto wadogo, na binti yake mkubwa amerudi peke yake kwa ajili ya Exetat, kwa hiyo amekuja yeye. Alikuwa amefunga tangu asubuhi. Aliuliza wanaume wanakaa wapi.

Akina mama walitazamana, kwa kuwa swali hilo halijawahi kuulizwa. Mama wa Kiislamu, ambaye binti yake aliondoka shuleni siku nyingi na ambaye bado anasimamia sufuria, alimpima kwa macho mabega yale, akamnyooshea mwiko.

"Anzia hapa, papa," alimwambia. "Uji huu uko muzito, na batoto bako karibu kutoka."

Akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaanza kukoroga.